Kura Isiyo na Pacha

Matokeo ya kura ya maoni yalijulikana siku thelathini kabla ya kura yenyewe kupigwa.

Tusekile Mwandemele aliyasoma kwenye ukuta wa ofisi yake saa tatu na robo asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado kinamchoma vidole. Hapana, asilimia sitini na tatu. Ndiyo, asilimia thelathini na saba. Swali lilikuwa fupi: Je, kura irudi mkononi mwa mwananchi? Na jibu ndilo hilo, limetoka hata kitumbua cha kwanza hajakimaliza.

“Umeona, Mhandisi?” Jaji Mwaseba, mwenyekiti wa Tume ya Kura, alikuwa amesimama mlangoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. “Nchi imeshasema. Tunangoja saini yako tu, tarehe ikifika tutangaze, kila mtu arudi shambani kwake.”

“Hili ni jaribio tu, Mheshimiwa Jaji.”

“Majaribio yako yamewahi kukosea?”

Hayakuwahi. Tusekile alikuwa mhandisi mkuu wa mapacha, na Jamhuri ya Nyanda ilikuwa na mapacha milioni tano na laki tisa, mmoja kwa kila raia mtu mzima. Mtu alipotimiza miaka kumi na minane alivishwa kikuku chembamba mkononi. Kikuku kilisikiliza. Kilijua amenunua nini, amemsalimia nani na amempita nani kama hakumwona, moyo wake ulidunda vipi aliposikia bei ya mbolea. Jioni kilimimina siku nzima ndani ya Ghala, pango lililochimbwa chini ya mlima na kupozwa kwa maji ya chemchemi, na humo pacha wa mtu huyo alizidi kufanana naye. Kila Alhamisi Bunge lilipeleka miswada, mapacha wakaipigia kura, na kabla chai haijapoa sheria ilikuwa imepita au imeanguka. Hakuna kampeni, hakuna foleni, hakuna mtu wa kuhonga. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na minane.

Sasa vijana waliozaliwa ndani ya utaratibu huo walikuwa wamekusanya saini laki saba wakitaka kupiga kura wenyewe, na Katiba iliwapa haki ya kuulizwa. Lakini Katiba hiyohiyo ilisema kura yoyote hupigwa na mapacha, mradi mhandisi mkuu awe ametia saini cheti kisemacho kwamba katika swali hilo pacha anamwakilisha mwenyewe kwa uaminifu. Cheti kisiposainiwa, raia watapiga kura kwa mikono yao. Tusekile alikuwa amesaini vyeti elfu nne na zaidi. Hakuwahi kusita hata mara moja.

Jaji alipoondoka, akavuta cheti. Kalamu ilikuwa tayari vidoleni pale alipomkumbuka Kissa.

Kissa alikuwa msusi wake. Jana yake mchana, kichwa cha Tusekile kikiwa magotini pake, Kissa alikuwa amebishana na mteja mwingine kuhusu kura hii mpaka saluni nzima ikasimamisha kazi. Alianza akiwa upande wa Hapana. Akamaliza akipiga meza kwa kitana: “Basi nimekubali, dada! Umenishinda. Mimi ni Ndiyo, na atakayeniuliza nitamwambia hivyohivyo!”

Kwa kiapo cha kazi yake Tusekile aliruhusiwa kumfungua pacha yeyote kwa ajili ya ukaguzi. Akamfungua pacha wa Kissa. Hapana.

Akamwuliza sababu.

“Kissa husema mengi akiwa kwenye watu,” maandishi yakajibu. “Uzito wa mazungumzo ya kikundi ni sehemu mbili kwa mia. Hapana inabaki.”

Tusekile akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeona nyoka karibu na mkono wake. Ile sehemu mbili kwa mia aliijua. Ni yeye aliyeiandika, akiwa binti wa miaka ishirini na minne, miaka mitatu baada ya uchaguzi wa mwisho wa mkono. Waliiita kizuizi cha umati. Mapacha wasije wakachochewa, walisema wajenzi wale wa kwanza; wasibebwe na kelele kama walivyobebwa binadamu. Kizuizi kile ndicho kilichoipa nchi usingizi wa miongo mitatu. Na kilimaanisha kwamba pacha hawezi kushawishiwa na mwenzake.

Moyo ulianza kumwenda mbio, na alijua kikuku kinahesabu. Haikuwa hofu. Ilikuwa ile raha ya mhandisi anayegundua kwamba mashine aliyoizoea ina chumba ambacho hajawahi kukifungua.

*

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi kwenda Ikubilo, mji wa viazi na pareto aliozaliwa, akiwa na mabunda mawili ya karatasi na masanduku ya mbao aliyoyaazima makumbusho. Alichagua watu mia nne kwa bahati nasibu, akawagawa katika madarasa kumi ya shule ya msingi, arobaini kila darasa.

Kwanza aliwapa karatasi wapige kura kimyakimya. Fujo iliyotokea ilikuwa ya furaha. Nani alikuwa amewahi kushika karatasi ya kura? Mzee mmoja aliandika jina lake lote na la baba yake. Binti mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuandika “labda”. Walifunikia karatasi kwa viganja kama wanafunzi wanaoogopa kuibiwa majibu, wakicheka, wakichunguliana.

Tusekile akalinganisha kura hizo na mapacha wao. Katika watu mia nne, mapacha walipatia mia tatu themanini na mmoja. Mashine yake ilikuwa nzima kabisa.

“Sasa zungumzeni,” akawaambia. “Saa mbili. Hakuna mwenyekiti. Asiyetaka kusema asiseme.”

Alizunguka darasa hadi darasa. Katika darasa la nne walisimama watu wawili uso kwa uso: Atupakisye, mama muuza viazi mwenye sauti ya sokoni, na Lwitiko, fundi wa visima vya mvuke vinavyoizalishia nchi umeme.

“Nataka kupiga kura mwenyewe!” Atupakisye alikuwa akisema. “Kikuku hiki kinanijua ninavyonunua chumvi. Kinajua ninavyowaza?”

“Mama, mimi nakaa kisimani siku ishirini kwa mwezi,” Lwitiko akajibu. “Mita elfu mbili chini. Kura ya mkono ikiangukia siku zangu za zamu, nani atanishushia sanduku? Pacha wangu hakosi Alhamisi hata moja. Kule chini mimi ni raia kama wewe kwa sababu yake.”

Atupakisye akashusha sauti. “Hilo sikuliwaza.”

“Basi liwaze.”

“Na wewe waza hili. Mwaka juzi walipopitisha sheria ya visima virefu, uliulizwa?”

“Pacha wangu aliulizwa.”

“Akasema nini?”

Lwitiko alikuna kidevu. “Alisema ndiyo. Mimi nilikuwa mtu wa kukubali mambo wakati ule. Nilikuwa sijamzika Ipyana.” Ipyana, kila mtu pale alijua, alifia kwenye kisima kirefu. “Leo ningekataa.”

“Ungekataa, halafu ungeniambia mimi, na mimi ningekataa nawe,” Atupakisye akasema. “Lakini nani aliniambia? Nimesikia leo.”

Karatasi zilipogawiwa mara ya pili, wawili hao walipiga kura, wakatoka nje, wakaanza kuchekana: kila mmoja alikuwa amemgeuza mwenzake. Mama wa viazi sasa alitaka mapacha wabaki, kwa ajili ya watu wa kisimani. Fundi alitaka kura irudi mkononi.

Tusekile alihesabu akiwa amepiga magoti sakafuni, vumbi la chaki magotini. Akahesabu tena. Watu mia moja sitini na mmoja hawakulingana tena na mapacha wao. Walihama kutoka pande zote mbili, ila jumla ilikuwa imebadilika kiasi cha kutisha: Hapana mia mbili na tatu, Ndiyo mia moja tisini na saba. Sitini na tatu kwa mia ilikuwa imeyeyuka kwa saa mbili za mdomo.

Alitaka kupiga kelele, amkumbatie mtu. Mapacha hawakuwa waongo. Walimjua mtu kama alivyokuwa jana, barabara kabisa. Ambacho hawakuweza kukijua ni vile mtu atakavyokuwa akishamsikiliza jirani yake.

*

Alifikia kwa kaka yake, Ambilikile, mwenye mashine ya kusaga nyuma ya soko. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mkavu wa maneno, shingo yake imekunjamana upande mmoja kwa kovu la moto. Tusekile alimsimulia yote bila kupumua, mikono ikichora hewani.

Ambilikile alizima mashine.

“Kwa hiyo hutasaini.”

“Bado sijaamua, kaka.”

“Unayo macho ya mtu aliyeamua.” Akafuta unga usoni. “Usiposaini, watu watapanga foleni. Watahesabu makaratasi. Na mtoto wa nani safari hii atapeleka chakula kituoni?”

Hapakuwa na haja ya kuuliza anamaanisha nini. Miaka thelathini na mmoja nyuma Ambilikile alikuwa karani wa kituo cha kura hapahapa Ikubilo. Hesabu ilibishaniwa, petroli ikamwagwa. Lugano, kitinda mimba wao, alikuwa amemletea kaka yake ndizi za mchana. Ambilikile alitolewa dirishani. Lugano hakutolewa.

“Kile kizuizi nilikiandika kwa ajili ya Lugano,” Tusekile alisema kwa sauti ndogo.

“Basi kiache mahali pake.”

“Nikikiacha, nikasaini, nitakuwa nimesema uongo. Cheti kinasema pacha anamwakilisha mwenyewe. Katika hili hamwakilishi.”

“Uongo mmoja, Tuse. Weka upande mmoja uongo mmoja, upande wa pili kaburi.”

“Na nikisema uongo huu, wa Alhamisi ijayo nitaukataaje?”

Ambilikile aliwasha mashine, na kwa kelele ile hapakuwa na mazungumzo tena mpaka Tusekile alipofunga mkoba wake kwenda stesheni.

Ndani ya treni ndipo furaha ilipompungua, uzito ukaingia. Kaka yake hakuwa mjinga, wala woga wake haukuwa wa bure. Watu waliozungumza kwa wema walikuwa arobaini kwa kila darasa, mchana kweupe, bila chochote cha kupoteza. Nchi ni milioni tano na laki tisa. Aliye na hakika kwamba hawatachomana ni nani? Yeye hakuwa na hakika. Alikuwa na hesabu tu, na saini moja.

*

Kikao cha cheti kilirushwa na redio ya taifa kama sheria ilivyotaka, ingawa kwa kawaida hakuna aliyesikiliza. Siku hiyo habari za Ikubilo zilikuwa zimeshaenea, na mabasi yalisimama njiani madereva wapate kusikia.

Tusekile alisoma namba zake zote, akaeleza kizuizi cha umati, akasema ni nani aliyekiandika na kwa nini. Mwisho akasema, “Siwezi kusaini.”

Makamishna watano walitazamana. Mmoja akauliza, “Si ukiondoe tu hicho kizuizi?”

“Nikikiondoa leo, mapacha watamfuata mwenye sauti kubwa kuliko wote. Hawajawahi kufundishwa kusikiliza na kupima. Kuwafundisha ni miaka mitatu.”

“Na kura ni baada ya siku ishirini na nne,” Jaji Mwaseba alisema. Akavua miwani. “Mhandisi, Tume inaweza kukuondoa. Naibu wako atasaini kesho asubuhi. Unalijua hilo?”

“Nalijua, Mheshimiwa.”

“Wanaotaka mhandisi aondolewe.”

Kwa mazoea makamishna waliangalia ukuta, ambako mapacha wao wangeamua kwa niaba yao. Jaji akatikisa kichwa. “Tunawajadili mapacha. Tusiwaulize wao. Nyosheni mikono.”

Mikono miwili ikapanda. Miwili ikabaki mezani. Uamuzi ukabaki kwa Jaji, na Jaji hakuwa na haraka.

“Nataka kujua jambo moja,” akasema. “Hulazimiki kulijibu. Wewe mwenyewe ungepiga kura gani?”

Kupitia dirishani Tusekile alisikia umati wa vijana wa upande wa Ndiyo waliokuwa wakiimba jina lake tangu asubuhi.

“Hapana,” alisema. “Nataka mapacha wabaki. Nimewalea kwa miaka ishirini na minane. Nimemzika ndugu yangu kwa sababu ya kura ya mkono. Nitapiga Hapana, na nitamshawishi yeyote atakayenisikiliza. Lakini siwezi kuwaacha mapacha waamue kama mapacha wabaki, huku nikijua hawasikii upande wa pili.”

Nje nyimbo zilikatika.

Jaji Mwaseba aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, kisha akaulaza mezani, kiganja chini. “Mhandisi anabaki,” akasema. “Mungu atusaidie. Tutafuteni karatasi.”

*

Karatasi zilipatikana. Watu ndio hawakupatikana. Vituo elfu tisa, na hakuna mtu wa chini ya miaka hamsini aliyejua kituo kinaendeshwaje. Tume ikatangaza redioni: yeyote aliyewahi kuwa karani wa kura, ajitokeze. Walikuja wazee wenye fimbo, walimu wastaafu, bibi mmoja wa miaka themanini na nne aliyekuja na wino wake mwenyewe kwenye kichupa.

Siku ya tatu ya mafunzo Tusekile alimwona Ambilikile amekaa safu ya mwisho, kofia magotini. Akamwendea karibu kukimbia.

“Shikamoo, kaka. Umekuja!”

“Marahaba. Usifurahi mapema,” akasema. “Kituo chetu kile kilikuwa na mlango mmoja. Sisaini kazi hii mpaka kila kituo kiwe na miwili, na wa pili usifungwe kwa komeo. Pale pasipo na mlango wa pili, bomoeni ukuta.”

Kuta zikabomolewa. Katika wiki mbili zile mafundi wa Nyanda walitoboa matundu ya milango elfu moja mia sita na kumi, na kila palipotobolewa watu walikusanyika kutazama, wakauliza sababu, wakaambiwa, na mabishano yakaanzia hapohapo kwenye kifusi. Walibishana visimani na makanisani. Wanandoa walilala mzungu wa nne. Subilaga, binti wa miaka ishirini na mitano aliyeongoza upande wa Ndiyo, alizunguka nchi nzima na sauti ikamkauka. Tusekile naye alizunguka upande wake, na mara mbili walikutana jukwaa moja, wakapigana kwa hoja mpaka watu wakasahau kwenda kula. “Mama,” Subilaga alimwambia waliposhuka, akikwaruza sauti kama jogoo mgonjwa, “laiti tungekuwa upande mmoja.” “Tungelala usingizi,” Tusekile akamjibu.

Siku yenyewe alikuwa Ikubilo. Kabla jua halijatoka vizuri foleni ilikuwa imezunguka shule mara mbili. Watu walikuja na nguo za harusi. Lwitiko alikuja na ovaroli la kazi, kwani safari hii sanduku lilikuwa limeshushwa kisimani kweli, naye ndiye aliyeagizwa kulipandisha. Kila aliyetoka alinyanyua kidole chenye wino juu kama aliyechota asali. Tusekile aliingia nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ilikuwa kura yake ya pili maishani. Aliweka alama kwenye Hapana, akakunja karatasi, na akashangaa kwamba hakuna mashine yoyote duniani iliyojua alichofanya. Vikuku vilikuwa vimeachwa kapuni mlangoni.

Saa kumi jioni milango ya vituo ilifungwa kwa wapiga kura na hesabu ikaanza. Saa kumi na moja Ambilikile alitangaza matokeo ya kituo chake. Tofauti ilikuwa kura sita.

“Wizi!” mtu akapaza sauti.

Neno lile lilipita katikati ya watu kama moto kwenye majani makavu. Walisogea mbele. Mwingine aliokota jiwe, bila shaka hata mwenyewe hakujua analifanyia nini. Tusekile alimwangalia kaka yake na kuona kovu la shingoni limegeuka jekundu, na kwa sekunde kadhaa Ambilikile hakuwa pale, alikuwa miaka thelathini na mmoja nyuma.

Kisha akapiga meza.

“Fungueni milango yote miwili!” Sauti ile Tusekile hakuwahi kuisikia tangu utoto. “Nani amesema wizi? Wewe? Njoo hapa mbele. Usiogope, njoo. Simama kulia kwangu. Na upande wa pili nipeni mtu mmoja, mwenye macho mazuri. Wewe mama.” Alikuwa Atupakisye. “Nitanyanyua karatasi moja moja. Nyie wawili mtasoma kwa sauti, mkikubaliana naiweka chini, msipokubaliana tunangoja. Hata ikichukua mwezi. Na mwenye jiwe aliweke, hapa tunahesabu.”

Walihesabu. Umati wote ukaanza kuhesabu pamoja nao, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mdundo, mpaka ikawa kama wimbo wa kutwanga. Karatasi mia nane sitini na tatu. Tofauti ikawa kura tano badala ya sita; moja ilikuwa imebandamana na nyingine. Ambilikile akasahihisha, akatangaza upya, na yule aliyesema wizi akampa mkono mbele ya watu wote.

*

Matokeo ya taifa yalitangazwa asubuhi iliyofuata. Tusekile alikuwa kwenye mashine ya kusaga, kaka yake akihudumia wateja wawili kama siku nyingine yoyote. Vituo vitatu vilikuwa na ngumi, kimoja kilivunjwa dirisha. Hakuna aliyekufa. Robo tatu ya wapiga kura walijitokeza. Jaji Mwaseba alisoma namba redioni polepole, sauti ikimkatika: Hapana, milioni mbili laki mbili na elfu tatu mia tatu tisini na moja. Ndiyo, milioni mbili laki mbili elfu kumi na nne mia nane na sita.

Ameshindwa. Kura elfu kumi na moja na kidogo, katika nchi nzima.

Kazi ya maisha yake yote, mapacha milioni tano na laki tisa, na yeye ndiye atakayeamriwa kuwazima. Nje soko lililipuka kwa vigelegele. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kwa hasira, mwenzake amemshika bega. Kwenye duka la jirani wanaume wanne walikuwa tayari wanabishana ni nani afaaye kugombea ubunge, na mmoja wao alipomwona Tusekile mlangoni alimpungia: “Mhandisi, njoo utuamulie!”

Akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka, na hakuweza kusema kipi kilianza.

Ambilikile alizima mashine. “Pole, Tuse.”

“Asante.” Akajifuta. “Na wewe, kaka? Ulipiga ipi?”

Alitabasamu, jambo la nadra. “Hiyo huwezi kuipata.”

Alikuwa sahihi. Na hapo Tusekile akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kila mwaka, siku aliyokufa Lugano, alimfungua pacha wa kaka yake huko Ghalani, kinyume cha kiapo, apate kujua kama bado anaumia. Kila mwaka pacha alijibu: bado. Hakuwahi kumwuliza mwenyewe.

Ambilikile alikung'uta mikono, unga ukielea katikati yao.

“Niulize basi,” akasema.

Tusekile aliketi juu ya gunia la mahindi, akamwuliza. Kaka yake alivuta gunia la pili, akaketi mbele yake, akaanza kusimulia, na wateja wakaweka vikapu vyao chini, wakangoja.